Anaenda Shule Kila Siku

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale mtaani Manyatta, nilikuwa mtu wa serikali kwa siku chache. Kisomo changu kiliishia kidato cha pili, lakini naibu wa chifu alitaka vijana wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuhesabu watoto wa umri wa shule ya msingi ambao hawasomi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Akanipa fomu, biro mbili na onyo moja: "Hakuna kufutafuta. Fomu chafu sipokei."

Nilivaa suruali ya kaka yangu na viatu vilivyonibana, nikatembea polepole ili nionekane. Kichwani nilikuwa nimeshafika Nairobi, nina meza, na juu yake simu. Majirani hawakuniachia ndoto hiyo hata dakika moja. "Karani! Bwana yangu hajui hata kusoma, mwandike!"

Mtoto asiyejua umri wake nilimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ametosha. Kisha swali: anaenda shule? Ndiyo au Hapana. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kwamba watoto wote wa Hapana wataitwa Jumatatu na kuingizwa darasani, hata bila yunifomu. Kwa hiyo Hapana ndiyo iliyokuwa na faida. Mimi lakini moyo wangu ulipenda Ndiyo. Niliiandika kwa madoido.

Siku ya tatu nilifika kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni. Binti yake alilishika sikio na vidole vikabaki.

"Anaenda shule?"

"Kila siku."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua. Karani, huyu hakosi. Walimu wanaweza kukosa, yeye yuko."

Nikampa Ndiyo kubwa, nikampongeza. Binti alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyevaa kofia.

Kesho yake nilipita karibu na shule nikienda kurudisha fomu. Kengele ilikuwa imeshalia. Nje ya geti alikaa yule binti, beseni la mandazi mapajani.

"Wewe! Si mama alisema unaenda shule?"

"Si nimekuja?"

"Ndani! Nauliza ndani!"

"Aa, yawa! Hukuuliza ndani." Akacheka, kisha akauliza polepole, "Wenye wataitwa Jumatatu, ni wa Ndiyo?"

"Ni wa Hapana."

Hakucheka tena. Akaanza kupanga upya mandazi ambayo yalikuwa yamepangika vizuri tu. Kichwani mwangu ile simu ya Nairobi ikakatika.

Nikarudi kwa mama yake mbio, viatu mkononi.

"Sasa mimi nilidanganya wapi?" akasema. "Uliuliza kwenda, nikakujibu kwenda."

"Mama, unataka asome?"

Akageuza mandazi mawili kabla ya kujibu. "Nataka. Lakini akiingia, beseni litakaa na nani?"

"Na wewe. Kaanga alfajiri, ukae nalo getini. Wateja ni wale wale, saa nne wanatoka kwa mapumziko."

"Mdomo wote huu, mbona ulitoka shule?" Akapangusa mikono kwenye leso. "Haya, haribu fomu yako."

Naibu wa chifu aliona ile Ndiyo niliyoikata, uso ukamkunjamana. "Nilisema nini kuhusu kufutafuta?"

"Mzee, kuna mtoto hapo chini."

"Chini ya wino?"

"Ndiyo, Mzee. Yaani, Hapana."

Nilipomweleza alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha ghafla. "Na hao wengine, uliwauliza hivyo hivyo?"

Ndivyo nilivyopewa fomu mpya, nikaanza upya mlango hadi mlango nikiuliza, "Anakaa ndani ya darasa, au anafika tu?" Majirani walifurahi kupita kiasi. "Karani amerudia darasa!" Lakini Hapana ziliongezeka, na safari hii niliziandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Jumatatu nilipita tena getini, nikiogopa kutazama. Beseni lilikuwa pale pale. Nyuma yake alikaa mama mtu, peke yake.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Akaelekeza kidole madarasani, akanipa andazi la moto.

"Karani," akasema, "sasa ni mimi naenda shule kila siku. Niandike."