Kichwa cha Mzee Andayi

Babu yangu alikuwa na fahali mweusi mwenye nundu iliyolala upande kama kofia ya mlevi. Mwaka mmoja chifu akasema huyo apelekwe kwenye maonyesho ya kilimo. Basi tukamwosha. Tulimsugua kwato kwa mchanga, mama akampaka mafuta kwenye pembe. Mabwana wa kilimo wakamzunguka, wakamtazama meno, wakamfunga utepe shingoni. Babu alikuwa na neno lake. Alitaka kuwaambia kwamba josho letu limekauka na kupe wanatumalizia mifugo. Bwana mmoja akampigapiga begani, akapita. Njiani kurudi fahali akautafuna ule utepe, babu asimzuie.

Mtaniuliza kinyozi kama mimi ana habari gani na ng'ombe. Tutafika huko.

Kazi niliianza Muthurwa, kando ya ua wa mabati. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Mkubwa wangu wa kwanza tulimwita Mwenye Kioo, maana kioo kilikuwa chake na sisi wengine tulikiazima. Siku hiyo ya kwanza alinipa mashine ya mkono, ile ya kubanabana kama koleo, isiyotaka stima. Ukiivuta kabla hujaiachilia, inang'oa nywele badala ya kuzikata. Mimi niling'oa. Mteja, fundi wa viatu, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Unakata au unavuna?"

Mwenye Kioo akanivuta kando. "Wewe Kamau, kichwa cha mtu si shamba. Kabla hujakata, weka mkono, uulize. Kila kichwa kina habari zake."

Neno hilo nimetembea nalo mpaka mtaa wa Umoja, nilikoajiriwa na mama mwenye duka lenye mashine za stima. Vijana walitaka kuchongwa laini, ule mstari wa kwenye paji, mwembamba kama uzi. "Niaje buda, nitoe fiti, nisikae chokoraa!" Macho yangu yalipoanza kuchoka laini zikapinda, nao wakahamia viti vingine kimyakimya. Sikuwalaumu. Nikabaki na wazee, kisha nikachukuliwa na kituo cha wazee, pale pale Umoja, kwenye ukumbi wanakoshinda mchana wakinywa uji na kubishana.

Kumnyoa mzee ni kazi nyingine kabisa. Ngozi imelegea, kwa hiyo unaivuta kwa kidole gumba ndipo wembe upite, ukifuata nywele zinavyolala. Spirit ya kusafishia ngozi unaiacha, inamchoma bure. Unamalizia kwa poda shingoni, taratibu, maana wengine mkono wako ndio pekee uliowagusa tangu mwezi uanze.

Mzee Andayi, mtu wa mkoa wa Magharibi aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli, alitaka nimpunguze pembeni tu. Nywele zake zilikuwa nyeupe, nyingi, kama pamba iliyopasuka. Nikaweka mkono, nikauliza kwa nini hanyoi zote.

"Kwetu, Kamau, kichwa kinanyolewa chote tukishazika. Nikinyoa leo, watu watauliza nimemzika nani. Na mtoto ninaye mmoja tu."

Huyo mmoja ni Jumba. Alivuka mpaka na malori kwenda Tanzania, akapata kazi huko, akaoa huko, halafu simu ikanyamaza.

Sasa, nchi hizi jirani zilikuwa zimekubaliana kutengeneza mpango mmoja wa wazee, kwa kuwa wazee wanaongezeka kila upande na watoto wanahamahama. Kabla ya kikao chao mjini, wageni walitaka kuona kituo chetu. Mkurugenzi wa kituo, mama mchapakazi mwenye sauti ya kengele, akaniita.

"Kamau, wote kipara. Nataka wang'ae."

Nikamweleza habari za Mzee Andayi.

"Hayo ni mambo ya ushago, ya huko kijijini. Basi avae kofia, akae nyuma."

Mzee mwenyewe hakukasirika hata kidogo. Wiki nzima alikaa kwenye kiti changu akifanya mazoezi ya kusema. "Watanzania watakuwepo? Basi mimi nina ombi moja tu. Wanitafutie Jumba."

Siku ikafika. Wazee wamepangwa ukutani, fulana za rangi moja, vichwa vinameta, na mng'ao wote huo ni kazi ya mikono yangu. Nilipowatazama nilimwona fahali wa babu, nikasikia aibu inanipanda shingoni kama joto la jiko.

Mgeni wa Tanzania, mama wa makamo, alipita akiinama mbele ya kila mmoja. "Shikamoo babu." Mzee Andayi akababaika, akasema, "Poa, poa tu!" Wazee wakacheka, kisha wakatazama sakafu. Hapa mtaani wajukuu wetu wenyewe hawatuamkii, wanatupita na "sasa buda", sembuse mgeni kutuinamia.

Wakaeleza mpango wao. Mzee atunzwe na watoto wake, nyumbani kwake, kila nchi vivyo hivyo. Kule nyuma Mzee Andayi akasimama, akavua kofia.

"Mama, mpango ni mzuri. Lakini mtoto wangu yuko kwenu. Mkiwa mmekaa meza moja nchi zote, wekeni mtu wa kututafutia watoto waliovuka. Aambiwe tu baba yake bado yuko Umoja."

Mkurugenzi akawahi kucheka. "Huyu mzee wetu ana mambo! Hata kunyoa alitukatalia." Ukumbi ukacheka. Mgeni hakucheka. Alikuja mpaka kwake, akamshika bega.

"Babu, jambo lako ni zito. Ila mambo ya mpakani yana kamati yake, si sisi."

Kisha picha. Mpiga picha akapaza sauti, "Mzee mwenye nywele, toka kidogo pembeni!" Akatoka.

Nyinyi mnaojifunza kazi hii, mkono mtaupata, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu. Mimi nimegusa vichwa vingi, vya wevi na vya wahubiri, na nilidhani kuuliza ndiyo kazi ngumu. Kumbe ngumu ni kukaa pale ukijibiwa. Watu wakiwaambia Kamau alistaafu, wanasema kwa heshima tu.

Wageni walipoondoka, Mzee Andayi alikuja akakaa kwenye kiti changu. Kofia akaiweka magotini.

"Haya, Kamau. Ninyoe. Chote."

"Mzee, Jumba hajafa."

"Nani amesema amekufa? Nimesema ninyoe."

Nikamfunga kitambaa shingoni. Nikaweka mkono kichwani, kama nilivyofundishwa, na sikuwa na swali. Nikawasha mashine, nikaizima.

"Ngoja nilete poda," nikamwambia.

"Haya, baba. Sina haraka."

Kopo la poda lilikuwa pale pale mbele yetu, chini ya kioo. Nikatundika aproni msumarini, nikatokea mlango wa jikoni, nikashika njia ya Njiru kwa miguu. Sijarudi.