Bibi Alikuwa Anasubiri Ujumbe

Nilikuwa nachambua mchele wakati binti yangu, anayeandika programu za kompyuta, alipotoka chumbani uso umemshuka.

"Mama, mto umejaa huko mlimani. Vipimo tunavyo, ila ujumbe hautoki."

Mfumo wao hupokea vipimo vya mto kutoka milima ya Uluguru na kuvikabidhi kwa mfumo wa kampuni nyingine, unaotuma tahadhari kwenye simu zetu sisi wa bondeni. Huo wa pili ulibadilishwa bila wao kuambiwa, ukawa unakataa kila kitu kimyakimya.

Niliacha ungo nikakimbilia kwa jirani yetu, mjane wa makamo ya mama yangu. Maji yalishagusa ngazi yake. Amekaa barazani, simu mapajani.

"Shikamoo bibi, tuondoke!"

"Marahaba. Punguza kiherehere, ujumbe haujaja."

"Bibi, maji si hayo hapo!"

"Nayaona. Ujumbe ukija nitatoka."

Nilimburuta hadi kwetu, kwenye mwinuko. Alinitukana njia nzima. Nyuma yetu mbuzi wake walilia kwenye kamba, kisha wakanyamaza.

Zamani mto ukinguruma tulibeba watoto tukapanda juu. Siku hizi tunauliza simu. Binti yangu anasema watauwekea mfumo njia ya pili, moja ikigoma nyingine itume. Waiweke. Masikio yangu nabaki nayo.

Nilipakua wali nikiwahesabu watu wa nyumbani. Wote wapo, na bibi. Ndipo simu yake ikalia: "Hameni sasa."

Aliusoma, akailaza simu kifudifudi mkekani, akanawa mikono.