Aliyeona Haya Kuinuka Kwenye Sinia

Nakumbuka karamu moja ya harusi kule Tongoni, mwanangu, na mpaka leo pilau siigusi. Mdogo wangu Sefu alikuwa na duka la khanga Ngamiani. Alikuwa bonge la mtu, na kwa kile kitambi chake watu walimwita Bosi. Kisukari kilipomzidi, madaktari walimfanyia operesheni ya kupunguza tumbo, wakamwambia ale kidogo kidogo maisha yake yote.

Sukari ikashuka. Lakini mwili ulipopukutika, na jina la Bosi likapotea. Barazani wakanong'ona kuwa ana ngoma, yaani ukimwi. Sefu akawa anavaa shati juu ya shati, anaoga mlango kautia komeo, na mkewe akanilalamikia kwamba chumbani hataki hata taa iwashwe.

Siku hiyo tuliketi wanaume kuzunguka sinia moja. Unaijua desturi yetu: anayeinuka kunawa wa kwanza huonekana kawadharau wenzake. Sefu alikula matonge machache, kisha akawa anachezea wali kwa vidole. Shemeji yake akamwona.

"Shemeji, mbona wadonoa kama mwali? Mwanaume hali hivyo!" Akamsogezea pande la nyama.

Wakacheka wote. Nikamwinamia sikioni, "Sefu, inatosha. Inuka unawe."

"Niache, kaka. Nimechoka kuonewa huruma."

Akala. Akala kwa hasira mpaka sinia likabaki jeupe, na wale jamaa wakampigia makofi. Kahawa haijaletwa, yuko nyuma ya nyumba anatapika damu. Tulimfikisha hospitali tumbo limeshapasuka kwa ndani. Hakupona.

Nilimwosha mimi. Hapo ndipo nilipoiona ngozi iliyolegea kifuani na tumboni, aliyokuwa akimficha hata mkewe. Ngozi tu, mwanangu! Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia, maana shemeji alikuwa nje anapokea mikono ya rambirambi.

Basi nakuusia. Ukipasuliwa ukapungua, usimthibitishie mtu uanaume wako kwa kula. Inuka, nawa, wanune watakavyo. Mkeo usimfiche mwili wako, ndiye mwenzio. Na ukiwa mzima wa afya, ukimwona mtu ameinuka mapema, msogezee maji anawe, wala usimwulize kitu. Mola akuhifadhi, akupe umri mrefu kuliko aliompa mdogo wangu. Amina.