Sura Tuliyoiandika kwa Kiogiek

Mwalimu mkuu mpya wa shule yetu ya zamani alinitumia rasimu ya kitabu cha historia ya shule, kitakachozinduliwa kwenye sherehe ya shule, niipitie. Niliisoma mapumzikoni, katika hospitali ninakouguza wagonjwa hapa Riyadh. Wamisionari walikuwamo, kanisa la mawe lilikuwamo, hata ng'ombe wa maziwa walikuwamo. Sisi watoto wa Kiogiek tuliotolewa msituni tukajaza yale mabweni tulipata sentensi moja: tulipokelewa kwa upendo.

Mimi nilipokelewa kwa wembe. Nilikuwa na miaka saba. Nilinyolewa, kifuko cha ngozi chenye asali ya bibi yangu kikatupwa motoni, nikapewa jina jipya, nikaambiwa lugha yetu ni ya wanyama. Aliyeizungumza alivikwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amkamate mwenzake akikosea. Shule hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha kusoma, na bila kusoma nisingekuwa muuguzi. Nilitaka yote mawili yaandikwe.

Aliyekivaa kibao kuliko sote ni rafiki yangu wa kitanda cha pili. Alikataa katakata kumchongea mtu, basi kikakaa kwake. Muhula mmoja mzima hakufungua kinywa. Sasa anafanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Nilipopata likizo nilimfuata, na Ijumaa, siku yake ya kupumzika, tukaketi kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Sharafiya, hukohuko Jeddah, nikamwomba anisimulie ya kibao, nirekodi kwa simu.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia.

"Sisemi. Hii ni ya kwetu."

"Nani ataisoma?"

"Atakayeshindwa atafute mtoto wa Kiogiek amsomee."

Alisimulia kwa saa mbili, chai ikapoa mbele yake. Nikayaandika yote kama alivyoyasema, na tafsiri chini yake, nikamtumia mwalimu mkuu yawe sura ya kitabu.

Kamati ya sherehe ikaikataa sura hiyo.

"Dada, wazee wa kanisa wanasema inachafua sherehe," mwalimu mkuu akaniambia kwenye simu.

"Na wewe, mwalimu, umeisoma?"

"Nimeisoma. Jana nilimuuliza mama yangu. Kumbe naye alikivaa. Miaka yote hii hajaniambia."

Kikao kilichofuata alikwenda na mama yake. Mama yule alisimama mbele ya wazee akasema, "Mnaogopa nini? Mimi nilikivaa kibao, ninyi mnashindwa kusoma habari zake?" Sura ikapita bila neno kupunguzwa.

Siku ya sherehe, rafiki yangu alipewa ruhusa na madam anayemfanyia kazi aisome mwenyewe kupitia simu. Mimi nilitazama kutoka Riyadh. Uso wake ulitokea kwenye turubai kubwa uwanjani, nyuma yake masufuria ya jikoni. Kwanza akawaamkia wanafunzi kwa Kiogiek.

Wanafunzi wakatazamana.

Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akaitikia. Mstari wake ukamfuata, halafu wazazi waliosimama nyuma, halafu uwanja mzima, mpaka spika zikakwaruza.

"Wameniitikia!" rafiki yangu akapiga kelele, akajifuta macho kwa aproni. "Mmesikia? Wameniitikia!"

Akasoma sura yote hadi neno la mwisho, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia bwenini. Alipomaliza, watoto hawakutaka kutawanyika. Walitaka asome tena, na madam, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuelewa hata neno moja, akamwambia, "Yalla, haya, wasomee."