Bata Waliomwendea Nasimiyu

Siku ile naikumbuka kwa watu wake. Kwenye bwawa la ng'ombe, shamba la Mzungu karibu na Kitale ambako baba zetu walikuwa vibarua, tulikuwepo hawa. Mimi. Barasa, kaka yangu wa tumbo moja. Nasimiyu, binti wa baba mdogo, aliyetoka Bungoma kuja kukaa nasi. Na Kukhu Nanjala, nyanya yetu aliyewazaa baba zetu. Na bata mwitu.

Mwanangu, walikuwa bata wa kawaida tu, rangi ya matope, mdomo wa manjano. Nani angewatamani? Lakini kipendacho moyo ni dawa. Kila jioni niliwapelekea machicha ya busaa, pombe yetu ya nafaka, wakaja mpaka miguuni pangu.

Halafu akaja Nasimiyu. Akawa anakaa ng'ambo ya bwawa, mikono mitupu, anaimba tu. Bata wakala changu, wakaogelea kwake! Wivu ukanishika, hata ugali nikaususa.

Barasa akacheka. "Si ulisema ni wako? Ati wamehama!"

Unajua kwetu kuku hufungwa kitambaa mguuni wasichanganyike na wa jirani. Basi siku hiyo nikararua leso yangu kuukuu, nikamvizia bata mmoja akila, nikamkamata. Nilitaka Nasimiyu aone alama, akome.

Akaja mbio. "Dada, mwache! Utamvunja mguu!"

"Nenda ukawaimbie wa kwenu Bungoma!"

Kukhu alikuwa akiteka maji. Akatua mtungi, akanitazama.

"Kuku tunamfunga kwa sababu usiku analala kwetu. Huyu jana alilala nyumba ya nani?"

"Sijui, Kukhu."

"Sasa unamfungia nini?"

Nikamwachilia. Unadhani alinishukuru? Akaruka moja kwa moja mpaka upande wa Nasimiyu. Hapo wivu ndio ukaniuma zaidi, nisikudanganye. Kesho yake nilibeba machicha yangu mpaka ng'ambo, nikaketi kando ya Nasimiyu, nimenuna hivyo hivyo. Bata wakaja. Walikuja kwa nani, hatukuulizana.

Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako, na wivu hukaa karibu zaidi ya nguo. Hata leo mjukuu akimkimbilia nyanya wa upande wa mama kabla yangu, unaniamsha. Uache uje, lakini usiupe mikono yako ikushikie watu. Kiumbe mwenye mabawa mpende akiwa na mabawa yake. Na anayependwa kuliko wewe, kaa naye, usimfukuze.

Mungu akupanulie moyo, unaowapenda wakujie kwa hiari yao.

Na kama nimekosea jina la mtu, anayekumbuka anisahihishe, nitamshukuru. Ila asiniambie bata walinipenda mimi zaidi. Nilikuwepo.