Alama Nyekundu Ukutani, Nateete

Walisema mtoto wa askari aliyepotea hatafika popote, ataishia kubeba kokoto. Leo nina diploma ya ujenzi wa barabara, nimefanya kazi miaka mingi Uarabuni, na gari ninaloendesha Kampala nimelinunua kwa jasho langu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, nami sikumtegemea mtu. Lakini barabara ya kwanza niliyoijua ilikuja na harufu ya lami ya moto na tope la kinamasi, mwaka ule walipoileta baipasi, barabara ya kuuzunguka mji, nyuma ya soko la Nateete na kuchora alama nyekundu ya kubomolewa kwenye ukuta wetu.

Baba alikuwa amepelekwa vitani, na habari zake zilikatika. Hatukuwa na simu. Mahali pekee Baba alipojua pa kutupata ni nyumba ile. Kwa hiyo kila asubuhi Mama alikanda udongo na majivu akaisiliba ile alama, akiamini kwamba nyumba isiyo na alama itarukwa. Kila jioni vijana wa kampuni waliichora upya. Majirani walikwisha kuchukua fidia na kuhamia Kamwokya. Hadija, aliyebaki wa mwisho, alimcheka huku akifunga godoro lake: "Mke wa afande, utapigana na rangi mpaka lini?"

"Akirudi akute barabara, atamuuliza nani? Lami?" Mama alijibu.

Siku tingatinga lilipokuja, msimamizi alivua kofia, akambembeleza kwa heshima. "Nyabo, toka, bambi. Barabara haingoji mtu." Mama alitoka na sufuria na fulana ya Baba. Ukuta ulianguka udongo ukiwa bado mbichi. Subira huvuta heri, walituambia. Mama akakaa kwenye ukingo wa tuta la barabara akikaanga mihogo na kutazama kila aliyepita, mpaka magari yalipoanza kukimbia na walinzi wakamfukuza.

Niliporudi kutoka Uarabuni nilimpakia Mama garini nimwonyeshe maendeleo. Zamani kuuzunguka mji kulikula nusu siku. Sasa ni dakika chache. Nilimweleza jinsi lami inavyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Hakunisikiliza. Tulipokaribia Nateete alishusha kioo.

"Ni hapa. Simama kidogo."

"Mama, hapa hairuhusiwi kusimama."

"Basi punguza mwendo, mwanangu. Baba yako akiwa pembeni, atatuonaje?"

Nilipunguza. Malori yakatupigia honi, na Mama akatoa kichwa nje ili aonekane.