Kituo cha Mia Mbili

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nasema uongo. Huo ndio mwaka niliong'olewa jino kule Mvumi, nikarudi na shavu kama nimebugia kiazi. Haya yalikuwa mwaka uliofuata, mwezi wa sita, upepo umeshaanza kukata masikio.

Mbaruku ni jirani yangu. Babu yake alikuja Dodoma na misafara ya biashara, akachoka, akabaki akiuza kaniki. Mbaruku mwenyewe ametengeneza redio za watu miaka thelathini karibu na soko, na sasa anaongoza chama cha redio za ridhaa. Hao ni watu wenye leseni ya kuzungumza hewani na wenzao wa mbali, bila mshahara, kwa kupenda tu. Vyombo vyote vya chama vilikaa sebuleni kwake. Waya ulipita dirishani, na wageni wa mkewe, Anifa, walikalia betri. Anifa hakugomba. Alisema tu kwamba mwaka huo zitoke redio au atoke yeye.

Basi chuo kimoja cha mjini kikaahidi kukipa chama chumba, kwa sharti. Chama kipige kambi mlimani, kuanzia Jumamosi saa sita mchana hadi Jumapili saa sita, na kipate hewani vituo mia mbili, yaani wenye redio wenzao wa kwingine. Kituo kinahesabiwa mkipeana nambari: unamwambia mwenzako unamsikia kwa nguvu gani, naye anakuambia; hamsini na tisa ndiyo ya juu kabisa. Mkishapeana, mnaagana, aingie mwingine. Nusu dakika inatosha.

Tulipanda vilima vya Kibakwe watu ishirini na wawili, na mahema matatu, kila hema na redio yake. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza mbuzi wasitafune kamba za mlingoti. Mbuzi walinisikia. Watu ndio hawakusikia.

Hatujamaliza saa mbili, ukaletwa ugali na mlenda kutoka bondeni. Mbaruku alikuwa kwenye jenereta. Aliporudi alikuta mahema yote matupu, redio zinaita peke yake, na watu wake wote wamezunguka sinia. Akauliza kwa nini hawakubakiza hata mmoja mmoja. Wakamshangaa. Mtu atakulaje mwenzake yuko kazini?

Lakini la chakula lilikuwa dogo. Ugomvi wenyewe ulikuwa salamu. Aneth, binti anayefanya kazi bungeni, ana sauti nzuri na adabu kupita kiasi. Akimpata mzee wa Bukoba, anampa shikamoo, anauliza mvua, migomba, wajukuu, na mzee naye anauliza ya kwetu. Dakika saba zimekwenda, na nyuma yao vituo kumi vinangoja zamu.

"Mpe nambari, uage," Mbaruku akamwambia, kashika kichwa.

"Baba, huyu ni mtu mzima. Nimwambie hamsini na tisa halafu nimfungie mlango?"

"Mfungie. Na yeye kaja kwa hiyo hiyo hamsini na tisa."

"Wewe ungefungiwa ungesemaje?"

"Ningesema asante, nikahamia kwingine!"

Akamtoa Aneth, akamweka Swalihu muuza spea. Swalihu na Wazungu alikwenda mbio, maana Wazungu hawamuulizi mtu mama yake anaendeleaje. Ila akitokea Mtanzania, naye yale yale. Mbaruku alizunguka mahema akinung'unika hadi sauti ikamkauka.

Jumapili, saa sita kasoro robo, daftari lilikuwa na vituo mia moja tisini na moja. Mbaruku akaketi mwenyewe. Nawaambia, alikata watu kama anakata kuni. Vituo vinane, dakika kumi na mbili. Kikabaki kimoja.

Akaingia mzee mmoja, yuko Sumbawanga. Mbaruku akampa nambari, akaomba yake.

"Nimekupata, mwanangu. Kwanza nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Nambari yako, tafadhali."

"Haraka ya nini? Mimi nimemzika mama watoto Alhamisi. Waliokuja msibani wameondoka asubuhi hii."

Aneth alimtazama Mbaruku. Mbaruku alitazama saa, akatazama daftari, akavuta pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia lisilo lake.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Pole sana. Marehemu aliitwa nani?"

Wakazungumza. Aliugua nini, watoto wamefika wangapi, nani anampikia sasa. Saa sita ikapita. Nambari ilikuja saa sita na robo, hamsini na tisa, mzee akishukuru.

Mbaruku akavua kofia, akaibamiza mezani. "Na usiniangalie hivyo," akamwambia Aneth.

Chuo kilisoma daftari, kikahesabu mia moja tisini na tisa kabla ya saa sita, kikatupongeza, kikatukaribisha mwaka mwingine. Betri zilirudi sebuleni. Anifa alihamia kwa dada yake Msalato wiki mbili, akarudi amenuna. Siku moja nilipita pale chuoni nikaonyeshwa kile chumba. Kina kufuli kubwa, na buibui wametanda dirishani. Nikamuuliza mlinzi, nikamuuliza karani, mwaka jana nikarudi kumuuliza karani mpya: chumba hiki mnakifanyia nini?